Haijachanika, Imefumuka: Mazungumzo Kuhusu Kingo za Nguo na Sare za Watoto

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi, mafundi cherehani na vikundi vya ushonaji katika ofisi ya kata)



Sketi moja ya shule ya msingi ilishonwa mwezi wa kwanza, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Mwezi wa tatu ilirudi mezani kwa fundi ikiwa imefungwa ndani ya kanga.

"Fundi, sketi ya mtoto imechanika," alisema mama aliyeileta.

Fundi aliigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni. "Haijachanika, mama. Imefumuka."

"Na mimi niliyelipa, tofauti yake iko wapi?"

Swali hilo ndilo msingi wa mazungumzo haya. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, sare imebaki kuwa jukumu la mzazi. Sketi inayofumuka mwezi wa tatu humfanya mzazi alipe mara mbili kwa mwaka mmoja, na humfanya fundi apoteze mteja ambaye huenda asiseme neno ila mwakani atapita mlango wa jirani.

Tofauti iko hivi. Nguo iliyochanika imekatika kitambaa chenyewe: imenasa kwenye msumari wa dawati au imevutwa mchezoni. Nguo iliyofumuka haijakatika popote. Ukiitazama sketi ile, uzi wa mshono ulikuwa mzima kabisa, umekaa kwenye mstari wake kama siku ulipopigwa. Kilichoondoka ni kitambaa kilichopaswa kushikwa na uzi huo.

Kitambaa cha kufuma kina nyuzi za urefu, yaani mtande, na nyuzi za upana, yaani mshindio, zilizopishana juu na chini. Hakuna gundi kati yake. Hushikana kwa sababu zimebanana tu. Mkasi ukishapita, nyuzi zilizo ukingoni hazina jirani wa kuzibana upande mmoja, na kila mara nguo inapofikichwa kwenye beseni uzi mmoja hutoka, kisha wa pili. Nyuzi za sanisia ni laini na huteleza, kwa hiyo gabadini na tetroni nyingi zinazotumika kwa sare huachia upesi kuliko kitenge cha pamba kilichofumwa kwa kubana. Fundi aliyeacha sentimita moja ndani ya mshono ana sentimita moja tu ya muda. Nyuzi zikishatoka hadi kufikia mstari wa mshono, uzi wa cherehani hauna cha kushika.

Ndiyo maana kingo hufungwa. Kufunga ukingo ni kuuzungushia uzi ili nyuzi za kitambaa zisipate njia ya kutoka. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa sindano ya mkono, uzi ukipita juu ya ukingo hatua kwa hatua, na hata leo aliye na nguo moja na jioni ndefu anaweza kuifanya hivyo. Mashine ziliichukua kazi hiyo katika karne ya 19. Mwaka 1873 mwanamke wa Marekani, Helen Blanchard, alipata hataza ya cherehani ya kushona zigizaga, na miaka michache baadaye, katika jimbo la Connecticut, Joseph Merrow akatengeneza mashine ya kufungia kingo ambayo ni babu wa ovaloki zinazosikika leo sokoni.

Ovaloki hufanya kazi tatu kwa mpigo. Kisu chake hupunguza ukingo uwe sawa, sindano hushona, na vyuma viwili vilivyopinda hubeba nyuzi nyingine na kuzikutanisha juu ya ukingo pasipo kupenya kitambaa. Kazi hutoka safi na haraka. Hata hivyo, mafundi wengi hawana mashine hiyo. Hupeleka nguo kwa mwenye nayo na kulipa kwa kila nguo. Mwezi wa kwanza foleni huwa ndefu, umeme huweza kukatika, mzazi yuko mlangoni anataka sare ya mtoto wa darasa la kwanza, na hapo ndipo hatua hiyo hurukwa. Mteja haoni. Nje nguo imenyooka, marinda yamekaa, pasi imepita. Ndani kingo ziko wazi.

Fundi asiye na ovaloki hajakosa njia, na hili lisisitizwe kwa sababu wapo wanaoamini kwamba wamekosa.

Mwenye cherehani ya umeme ya nyumbani, hata ya zamani, kwa kawaida anayo zigizaga. Kwa gabadini ya sare, upana wa hatua uwekwe kati ya milimita 4 na 5, na urefu karibu milimita 2. Sindano namba 90/14 inatosha, na iwe mpya, kwani sindano butu husukuma nyuzi za kitambaa badala ya kupita kati yake. Kitambaa kilazwe ili sindano ikishuka kushoto iingie ndani ya kitambaa, na ikishuka kulia ipite pembeni kabisa mwa ukingo, hewani. Hapo ndipo wanaoanza hukosea. Huweka zigizaga yote ndani ya kitambaa, nusu sentimita kutoka ukingoni, nayo huonekana nzuri. Lakini nyuzi zilizo nje ya mstari huo hubaki huru, na baada ya kufuliwa mara chache ukingo huota ndevu.

Ukingo ukijikunja na kuwa kama bomba chini ya uzi, mkazo wa uzi wa juu umezidi. Upunguzwe kidogo, kisha ijaribiwe tena kwenye kipande cha kitambaa hichohicho, si kwenye kitambaa kingine kilichookotwa chini ya meza. Kitambaa chepesi kikiendelea kujikunja, zigizaga ya hatua tatu, ile ambayo kila mlalo wake una mishono midogo mitatu, hukilaza vizuri zaidi.

Baadhi ya cherehani huuzwa na mguu maalumu wa kufungia kingo. Mguu huo una ukuta mdogo upande wa kulia wa kuegemeza ukingo, na katikati una kijiti chembamba cha chuma ambacho uzi hupita juu yake ili kitambaa kisijikunje. Ni kifaa kizuri, chenye hatari moja. Fundi akisahau na kuacha mashine kwenye mshono wa kawaida, au akiweka zigizaga nyembamba mno, sindano hugonga kijiti na kuvunjika, na kipande cha sindano huruka popote kinapotaka, hata machoni. Kabla ya kukanyaga pedali, gurudumu la pembeni lizungushwe kwa mkono mzunguko mmoja kamili ili kuhakikisha sindano inapita pande zote mbili pasipo kugusa chuma. Sekunde tano tu.

Na yule mwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, inayoshona mstari mnyoofu peke yake? Huyu ndiye fundi aliye wengi katika vijiji, na huyu pia anaweza kutoa nguo isiyofumuka. Njia yake ni kuuficha ukingo. Kwa shati jeupe la shule, vipande viwili hukutanishwa kwanza pande za ndani zikitazamana, yaani kinyume cha desturi. Hushonwa milimita 9 kutoka ukingoni. Kingo hupunguzwa kwa mkasi zibaki milimita 3, kisha nguo hugeuzwa ili pande za nje zitazamane, hupigwa pasi kwenye mstari, na hushonwa tena kwa milimita 6. Ukingo mbichi umefungiwa ndani ya mfuko wake. Jumla ni milimita 15 za akiba ya mshono, kiasi ambacho mafundi wengi huacha kwa kawaida. Gharama yake ni mstari mmoja zaidi wa uzi.

Njia hiyo haifai kwa kaptula ya kaki au kitambaa chochote kizito, kwani huacha uvimbe mbavuni. Kwa kitambaa hicho, ukingo wa kila kipande ukunjwe kidogo upande wa ndani, upigwe pasi, ushonwe mstari mmoja juu ya mkunjo. Au utumike mshono bapa, kama ule wa suruali za jinzi, ambapo ukingo mmoja hupunguzwa na mwingine hukunjwa juu yake kisha hushonwa kwa mstari wa pili. Ukanda wa kitambaa uliokatwa kwa mshazari nao hufunika kingo vizuri, hasa kwenye shingo na kwapa, ingawa hutumia muda na kitambaa.

Linabaki jambo ambalo hata wenye ovaloki hawalipi uzito wa kutosha. Mtoto hukua. Mzazi mwenye busara huomba sketi iachiwe nafasi ya kupanuliwa mwakani. Fundi huacha sentimita 2 kila upande, anaunganisha vipande, kisha anavipitisha vyote viwili kwa pamoja kwenye ovaloki. Kisu kinakata. Sentimita mbili zinakuwa nusu sentimita, na ahadi aliyopewa mzazi imeangukia sakafuni pamoja na vitambaa vya taka. Kisu cha ovaloki hakina kurudi nyuma. Sare ya mtoto anayekua inapaswa kufungwa kingo kipande kimoja kimoja kabla ya kuunganishwa, kisu kikigusa nyuzi zilizoning'inia tu. Baada ya kuunganishwa, mshono hufunguliwa kwa pasi, kila upande ukalala upande wake. Mwakani fundi hufumua mstari mmoja, anasogea nje, anashona upya. Mzazi analipia marekebisho badala ya kulipia sketi.

Kuna kosa jingine la kinyume chake. Wapo wanaounganisha sketi kwa ovaloki ya nyuzi tatu peke yake, bila mstari wa cherehani, ili kuokoa muda. Nyuzi tatu hufunga ukingo. Hazikukusudiwa kubeba uzito wa mshono wa kitambaa kisichovutika. Mtoto akiketi na kuinuka mara arobaini kwa siku, mshono huo hufunguka na meno yake kuonekana kwa nje.

Sasa, kuhusu huduma za Halmashauri. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za serikali za mitaa kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye hueleza masharti na husaidia kuandaa andiko la mradi. Vikundi vya ushonaji ni miongoni mwa wanaoweza kunufaika, na ovaloki ni ombi la kawaida. Ni ombi la haki, ila andiko lisiishie kwenye bei ya mashine. Ovaloki hula uzi kuliko cherehani ya kawaida, nyuzi tatu au nne kwa wakati mmoja. Visu vyake huisha makali. Hutaka mafuta na kufagiliwa vumbi la nyuzi kila siku ya kazi, na pini iliyosahauliwa kwenye kitambaa huweza kuharibu kisu papo hapo. Kikundi kisichohesabu hayo huwa na mashine iliyofunikwa turubai na deni linaloendelea.

Zaidi ya hapo, kikundi kinachotarajia kupewa kazi ya kushona sare kisisubiri ovaloki ndipo kianze kufunga kingo. Nguo za sampuli zenye kingo zilizofichwa kwa cherehani ya kukanyaga zitamshawishi mnunuzi kuliko maneno ya andiko.

Mzazi naye ana wajibu mdogo. Siku ya kuchukua sare, aigeuze nje ndani palepale mbele ya fundi. Aangalie mbavu, kiuno chini ya mkanda, na pande mbili za zipu, ambako kingo husahauliwa zaidi. Avute uzi mmoja ukingoni kwa kucha. Ukitoka kwa urahisi na kufuatwa na mwingine, nguo irudishwe mezani kabla ya fedha kumaliziwa. Fundi mzuri hatakasirika. Pengine atanung'unika kidogo, kwa kuwa ni mwezi wa kwanza na foleni ni ndefu.

Kuhusu sketi ile ya mwezi wa tatu, fundi aliipokea bila kudai malipo. Ilibidi apunguze ubavu wote ili apate kitambaa kizima cha kushika, kwa hiyo ilirudi kwa mwenyewe ikiwa imebana kidogo kiunoni, na ilitosha hadi likizo ya mwezi wa sita.

Mezani mbele ya ukumbi vimewekwa vipande vinne vya gabadini moja, vyote vimefuliwa kwa mkono mara kumi: kimoja hakikufungwa ukingo, kingine kimepigwa zigizaga, kingine ovaloki, na cha nne kimefichwa ukingo kwa cherehani ya kukanyaga. Wananchi wanakaribishwa kuvishika na kuvivuta. Cherehani mbili ziko upande wa dirishani kwa wanaotaka kujaribu, na Afisa Maendeleo ya Jamii yupo mlangoni na fomu.