Kikande, Matumbawe na Wanyama wa Miiba



Jioni hii nimekuja kuwatetea wanyama wasio na ubongo. Kiti cha pweza, jongoo bahari na yule wa duara aliyejaa miiba, urchini, ni wa ukoo mmoja wenye spishi takriban 7,000. Hakuna hata mmoja aishiye katika maji matamu. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, haliwajui. Badala ya kutegemea misuli peke yake, wanyama hawa hutembea kwa msukumo wa maji yanayopita katika mirija ya mwili na kuingia katika mamia ya miguu midogo laini. Kwa miguu hiyo kiti cha pweza humshika chaza, huvuta mpaka ganda lifunuke kidogo, kisha hulitoa tumbo lake nje, hulipenyeza kwenye ufa na kummeng'enya chaza ndani ya ganda lake mwenyewe.

Elimu yetu ina deni kwao. Mwaka 1876 Oscar Hertwig alieleza jinsi viini vya mbegu na yai vinavyoungana, na yai alilolitazama lilikuwa la urchini. Mwaka 1882, huko Messina, Ilya Mechnikov alichoma mwiba kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pweza, akaona seli zikiuzingira. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa jinsi mwili unavyojikinga.

Ila nataka tukae zaidi kwenye miamba ya Kenya. Tangu miaka ya 1980, Tim McClanahan na Nyawira Muthiga wamekuwa wakichunguza urchini wa miamba hiyo, hasa mdogo ajichimbiaye mashimo, Echinometra mathaei. Katika maeneo yanayovuliwa sana walimkuta kwa wingi. Ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, alikuwa adimu. Ili kujua sababu, waliwafunga urchini kwa nyuzi, wakawaacha mwambani, kisha wakarudi kuona nani ameliwa. Ndani ya hifadhi waliliwa upesi. Mlaji mkuu alikuwa kikande, samaki wa meno magumu avunjaye ganda pamoja na miiba yake.

Kikande huingia kwenye malema na kunasa ndoano kwa wepesi. Akishamalizwa, urchini huongezeka na kula mwani mpaka mwamba ubaki mtupu. Urchini anapokwangua mwani hukwangua na chokaa, kwa hiyo mwamba uliojengwa na matumbawe kwa karne nyingi husagwa taratibu, na samaki walao mwani hukosa malisho. Mvuvi huona nyavu tupu. Ni nadra kuambiwa kwamba sehemu ya sababu ni samaki aliyekwisha kuliwa mezani miaka mingi iliyopita.

Basi tuwaponde urchini wote? Wapo wanaoshauri hivyo, nami napinga kwa nguvu zangu zote. Mwaka 1983 urchini wa miiba mirefu wa Karibi, Diadema antillarum, walianza kufa karibu na mlango wa Mfereji wa Panama. Katika muda wa mwaka mmoja hivi, zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wametoweka. Huko Jamaika, ambako samaki walao mwani walikuwa wamevuliwa kupita kiasi na kimbunga cha mwaka 1980 kilikuwa kimeyavunja matumbawe, mwani uliyafunika yaliyosalia. Kule waliangamia, na mwamba ukaumia. Huku wamezidi, na mwamba unaumia. Idadi yao ndiyo inayoamua, na idadi hiyo hutunzwa na wanaowala.

Mwaka 2022 maradhi yalirudi Karibi, na safari hii chanzo kilitambuliwa: kiumbe wa seli moja. Vifo vya namna hiyo vimeonekana pia Bahari ya Shamu, na mwaka 2023 vikafika Réunion. Pwani yetu iko katikati ya sehemu hizo mbili. Kwa hiyo naomba chuo hiki mambo mawili: urchini wahesabiwe kila msimu, kwenye miamba ileile, pamoja na wavuvi wanaoijua, na maofisa wa uvuvi wakae na wazee wa pwani kukubaliana kwamba kikande aliyenaswa akiwa hai arudishwe majini. Urchini waanze kuhesabiwa kwenye bamvua lijalo, maji yakishatoka.