Msimbo Huanzia Kwenye Kalamu ya Tabibu: Misingi ya Kuainisha Magonjwa kwa ICD

Mama anapofika zahanati amembeba mtoto aliyekakamaa, neno linalomtoka kinywani ni degedege. Neno hilo linatosha kumfanya mhudumu akimbie, lakini halitoshi kwenye kumbukumbu. Nyuma yake huenda kuna malaria iliyopanda kichwani, ambayo toleo la 10 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, yaani ICD, huipa msimbo B50.0. Huenda pia ni degedege lililoletwa na homa tu, R56.0, au homa ya uti wa mgongo ya bakteria, G00. Hoja yangu ni kwamba msimbo ubebe kile kilichothibitishwa, usipunguze wala usizidishe. Ikiwa ndivyo, basi mwamuzi wa msimbo ni tabibu anayeandika, na si mtunza kumbukumbu anayeletewa faili baadaye.

Muundo wenyewe si mgumu. Herufi ya kwanza huonyesha kundi: A na B ni maambukizi mengi, I ni moyo na mishipa ya damu, O ni ujauzito na uzazi, R ni dalili ambazo chanzo chake hakijajulikana. Tarakimu zinazofuata huutaja ugonjwa, na ile iliyo baada ya nukta huchambua aina yake. Mzizi wa mfumo huu ni orodha ya sababu za vifo aliyoiwasilisha Jacques Bertillon mjini Chicago mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani lilipoupokea mwaka 1948, magonjwa ya walio hai nayo yaliingizwa. Toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, limebadilisha sura ya misimbo, lakini nalo linategemea maandishi yaleyale ya tabibu.

Malaria inatufundisha zaidi. Kwa miaka mingi katika nchi zetu, aliyechemka mwili aliambiwa ana malaria, akapewa dawa, akahesabiwa hivyo. Msimbo uliomstahili mtu huyo ni R50.9, homa isiyojulikana chanzo. Kumwandikia B54, malaria isiyotajwa aina, ni kudai jambo ambalo hakuna aliyelipima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na kipimo cha haraka kikawezesha hilo hata mahali pasipo na hadubini. Gharama ya mazoea ya zamani haikuishia kwenye hesabu kubwa ya malaria. Nimonia na homa ya matumbo zilijificha ndani ya hesabu hiyo, na ugonjwa usiohesabiwa hauagiziwi dawa. Kasoro hiyohiyo imo kwenye vyeti vya vifo vinavyosema tu "moyo umesimama". Moyo wa kila marehemu umesimama! ICD inataka ugonjwa ulioanzisha mkondo mzima ulioishia kwenye kifo. Mama aliyevuja damu baada ya kujifungua ahesabiwe chini ya O72, kwa sababu kifo chake kinadai damu salama na wakunga, na maneno "moyo umesimama" hayadai chochote.

Wapo watakaosema foleni ni ndefu na vipimo havipo. Ni kweli, na ndiyo sababu herufi R imewekwa. Zahanati isiyo na kipimo haitendi kosa ikiandika homa. Kosa ni kubuni uhakika. Wengine wanahofia kwamba bima itakataa kulipia msimbo wa dalili. Hofu hiyo ni nzito, lakini tiba yake ni mlipaji kurekebisha kanuni zake, maana tabibu akiandika ugonjwa ili alipwe, ugonjwa huo utabaki kwenye faili la mgonjwa na kumpotosha atakayemtibu kesho. Na anayesema kompyuta itatukomboa akumbuke kwamba programu huchagua msimbo kutokana na maneno iliyolishwa.

Kwa mtoto yule wa degedege, mstari mmoja unatosha: homa na degedege, kipimo cha malaria hakikupatikana, amepewa rufaa. Zahanati itaandika R56.0. Hospitali ikikuta vimelea vya malaria vya aina ya falciparum na ikathibitisha kwamba malaria imepanda kichwani, itaandika B50.0 kwenye rekodi yake, bila zahanati kulazimika kufuta ya kwake.