Kuchagua Mota ya Umeme kwa Mashua Kubwa ya Mfano

Natumaini nyote mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake, kwa sababu leo tutapiga hesabu kidogo.

Somo letu ni mota za umeme zilizokwisha tumika, na jinsi ya kuchagua ile itakayofaa kuendesha mashua kubwa ya mfano. Mashua ya mfano ni ile iliyoundwa ndogo kwa kufuata sura ya chombo cha kweli. Katika bustani ya Peasholm, mjini Scarborough, nchi ya Uingereza, watu hutazama vita vya meli za namna hiyo ziwani. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1927, na baadhi ya meli zake ni kubwa hata mtu hukaa ndani akaiendesha. Sisi hatutafika huko. Tuseme mashua yetu ina urefu wa mita moja na nusu, na betri ya volti 12.

Mota mpya ya mashua kama hiyo ni ghali. Lakini gari bovu lina mota nyingi, na mafundi wa gereji huziuza kwa bei nafuu. Kila mota ilitengenezwa kwa kazi yake, kwa hiyo kabla ya kutoa fedha uliza kwanza: Mota hii ilikuwa ikifanya kazi gani?

Tuanze na stata, mota inayowasha injini. Ina nguvu nyingi, lakini hula umeme mwingi mno, nayo ilitengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache tu. Iacheni.

Mota ya waipa, yaani vile vifutio vya kioo, ni imara. Ila ina gia ndani yake, hata huzunguka mara 40 mpaka 60 hivi kwa dakika. Rafadha, yaani yale mapanga yanayosukuma maji, yataka mizunguko elfu moja au zaidi. Kuitoa gia hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kukerezea.

Mota ya feni inayopuliza hewa ndani ya gari yatufaa zaidi. Huzunguka mara elfu mbili au tatu kwa dakika, na ilitengenezwa kufanya kazi kwa muda mrefu. Mota ya drili ya betri ni ndogo, nayo huzunguka zaidi ya mara elfu kumi. Haina budi kupunguzwa mwendo kwa gia. Katika mashua kubwa na nzito, rafadha kubwa inayozunguka taratibu husukuma maji vizuri kuliko ndogo inayokwenda mbio. Pole pole ndio mwendo.

Feni ya nyumbani isitumike kabisa. Mota yake hutumia umeme wa ukutani, na umeme huo ukikutana na maji huua.

Sasa, mashua lazima iweze kurudi nyuma. Mota yenye sumaku ya kudumu hugeuza mzunguko ukibadilisha nyaya mbili za betri. Mota yenye koili mahali pa sumaku haigeuki kwa njia hiyo. Utaitambuaje? Mota ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote, zungusha mhimili wake kwa vidole. Kisha gusanisha nyaya zake mbili, uuzungushe tena. Ukiona umekuwa mzito zaidi, mota ina sumaku.

Haya, tuandike hesabu. Betri yetu ni ya ampea-saa 7. Mota ikila ampea 3, tunagawanya 7 kwa 3, tunapata saa mbili na theluthi. Lakini betri ya risasi huharibika ikimalizwa kabisa, kwa hiyo hesabuni nusu tu, yaani kama saa moja na dakika 10. Mota ikila ampea 10, nusu hiyo ni dakika 21. Mota ya bei ndogo yaweza kukulazimisha kununua betri ya bei kubwa.

Msihesabu ampea mota ikiwa mezani. Mota isiyo na mzigo hula kidogo. Funga rafadha, tia mashua katika pipa pana au bwawa, ishike kwa kamba, uwashe kwa nguvu yote, ndipo usome mita. Baada ya dakika kumi zima, uguse mota. Ikiwa huwezi kuiwekea mkono, mzigo umezidi: punguza ukubwa wa rafadha, au tafuta mota nyingine.

Jambo la mwisho ni la usalama. Majani yakiishika rafadha, mota husimama, lakini umeme huendelea kuingia, tena kwa wingi. Nyaya huyeyuka, na kazi ya miezi mingi huungua katikati ya maji. Kwa hiyo wekeni fyuzi karibu na betri. Mashua ikila ampea 5 katika jaribio letu, fyuzi ya ampea 7 na nusu yafaa. Na mnapochaji betri, itoeni ndani ya mashua, mahali penye hewa, mbali na moto, kwa sababu hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Kabla ya kipindi kijacho, fanyeni hesabu hii: Betri ni ya ampea-saa 12, na mota hula ampea 4 majini. Mashua itatembea kwa muda gani, tukitumia nusu tu ya betri? Andikeni jibu, mwonyeshe mwalimu wenu. Kisha mpitieni fundi wa gereji, mkamwombe awaonyeshe mota ya feni na mota ya waipa, mzizungushe kwa mikono yenu wenyewe.

Kwaherini.