Kupima Kabla ya Kulipa: Taa ya Injini katika Gari la Chama

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Holili



Mzani ndio moyo wa chama cha msingi. Tangu KNCU ilipoundwa mwaka 1933, mkulima wa Kilimanjaro amezoea kuona kahawa yake ikipimwa mbele ya macho yake, kilo zikaandikwa daftarini, stakabadhi ikatolewa, ndipo malipo yakafuata. Karani atakayelipa magunia kwa kuyakadiria kwa macho ataulizwa katika mkutano mkuu, na hatakuwa na jibu.

Lakini kanuni hiyo husahauliwa mara gari la chama linapoingia gereji. Taa ya injini huwaka, kifaa hutajwa, kifaa hununuliwa, na baada ya wiki mbili taa huwaka tena. Hununuliwa kifaa cha pili, kisha cha tatu. Mwisho wa mwaka hati za malipo huwa nne kwa gari lile lile na ugonjwa ule ule, wala hakuna hata moja iliyoambatanishwa na kipimo. Fedha hizo ni za mwanachama aliyeleta mahindi, alizeti au kahawa yake, na haziwezi kurudi.

Mazungumzo haya yanahusu hitilafu moja inayowagharimu wenye magari kwa kubahatisha, nayo ni injini kupata petroli pungufu kuliko hewa. Mfano utakaotumika ni gari la haibridi, kwa sababu magari hayo yameongezeka barabarani, na kwa sababu huificha hitilafu hiyo kuliko magari mengine.

GARI LA HAIBRIDI

Gari la haibridi lina injini ya petroli pamoja na mota za umeme zinazosaidiana nayo. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997, na Toyota Aqua mwezi Desemba 2011. Mengi ya magari ya aina hii yanayoonekana Moshi, Himo na Holili yaliletwa nchini yakiwa yametumika Japani. Betri kubwa ya Prius ya toleo la pili na la tatu ina volti 201.6, na ile ya Aqua ya toleo la kwanza ina volti 144. Nyaya zake za rangi ya machungwa zisiguswe na mtu asiye na mafunzo, kwani umeme huo unaua.

Jambo moja lazima lifahamike mapema. Magari haya hayana stata ya kawaida. Injini huwashwa na mota inayopata umeme kutoka katika betri kubwa. Betri hiyo ikiisha nguvu kabisa, injini haiwezi kuwaka hata tangi likiwa limejaa.

MAANA YA PETROLI PUNGUFU

Ili petroli iungue sawasawa, kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Kompyuta ya gari hukadiria petroli ya kumwaga kwa kusoma kiasi cha hewa kinachoingia. Kisha sensa ya oksijeni iliyo katika ekzosi huchunguza moshi unaotoka. Oksijeni ikizidi katika moshi, kompyuta huelewa kwamba petroli ilikuwa pungufu, nayo huongeza. Kiasi inachoongeza huonekana katika mashine ya kupimia kwa asilimia.

Katika gari zima, nyongeza au punguzo la kudumu kwa kawaida halivuki asilimia 10. Katika magari mengi nyongeza ikifika asilimia 25 au zaidi, kompyuta huona imefika mwisho wa uwezo wake, huwasha taa na kuandika namba P0171. Gari likiendelea kutumika hivyo, injini hukosa nguvu na hukosa kuwaka vizuri katika baadhi ya silinda, na petroli isiyoungua huweza kuharibu kifaa cha kusafishia moshi kilicho ndani ya ekzosi. Kifaa hicho ni miongoni mwa vifaa vya bei kubwa katika gari.

NAMBA HAITAJI KIFAA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Namba P0171 inasema tu kwamba petroli ni pungufu kuliko hewa. Haisemi kwamba sensa imekufa, wala pampu imechoka. Ni sawa na mizania isiyolingana: huonyesha kwamba kuna tofauti, lakini haionyeshi tofauti iko katika hati gani. Hakuna mkaguzi anayemwadhibu mtunza ghala kwa sababu tu mizania imepishana. Kwanza hufuatilia hati.

Sababu za upungufu huo zimo katika makundi matatu.

La kwanza ni hewa isiyopimwa. Mpira wa hewa uliopasuka, gasketi ya manifodi iliyolegea, au bomba la kutoa mvuke wa oili lililopasuka, huingiza hewa baada ya sensa ya kupimia. Kompyuta haina habari nayo.

La pili ni petroli isiyofika: pampu iliyochoka, filta iliyoziba, noozeli chafu, au maji yaliyomo katika petroli iliyohifadhiwa kwenye madumu.

La tatu ni kipimo kinachodanganya. Sensa ya hewa ina uzi mwembamba unaopashwa moto, na hewa hupimwa kwa jinsi inavyoupoza uzi huo. Uzi ukifunikwa na vumbi hupoa kidogo kuliko inavyopasa, na sensa husema hewa ni chache wakati ni nyingi. Vivyo hivyo ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa ya oksijeni huvuta hewa ya nje, na moshi huonekana una oksijeni nyingi ilhali injini inaungua vizuri.

Wakazi wa nyanda za chini kati ya Himo na Holili wanalijua vumbi la kiangazi. Filta ya hewa iliyochanika au isiyokaa vizuri huliingiza vumbi hilo moja kwa moja kwenye uzi wa sensa.

HEWA YA MLIMA HAINA HATIA

Husemwa pia kwamba gari limeugua kwa sababu ya kupanda na kushuka mlima, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Maelezo hayo yako kinyume. Kadiri gari linavyopanda kuelekea Marangu au Mkuu, hewa inayoingia katika injini hupungua. Injini za zamani zenye kabureta, zikipanda, hupata petroli nyingi kuliko hewa na hutoa moshi mweusi. Injini ya leo hupima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Basi mwinuko peke yake haueleze petroli pungufu, na hati ya malipo yenye maelezo hayo haifai kupitishwa.

JINSI HAIBRIDI INAVYOFICHA UGONJWA

Katika gari la kawaida, dereva huhisi mara moja injini ikikosa nguvu. Katika haibridi mota ya umeme hujazia pengo, na gari huendelea kwenda. Dalili ya kwanza huweza kuwa petroli kuisha upesi kuliko zamani, jambo linaloonekana katika daftari la safari tu. Zaidi ya hayo, magari yaliyotoka Japani mara nyingi huandika maonyo kwa Kijapani, na dereva huyapita kama mapambo.

Ugumu wa pili humpata fundi. Gari likisimama, injini huzimika yenyewe, na fundi hana cha kupima. Watengenezaji waliweka kwa ajili hiyo hali ya matengenezo, inayoifanya injini iendelee kunguruma gari likiwa limesimama. Namna ya kuiingia imeelezwa katika kitabu cha ufundi cha kila gari. Hali hiyo ni ya kupimia tu. Gari lisiendeshwe barabarani likiwa katika hali hiyo, kwani giaboksi inaweza kuharibika.

Ugumu wa tatu ni mazoea. Fundi aliyezoea magari ya kawaida hutafuta kwanza uvujaji katika bomba la hewa la breki. Prius haina bomba hilo, kwa sababu breki zake husaidiwa na pampu ya umeme. Fundi anayedai pesa za kulibadilisha hakulifungua gari.

UTARATIBU WA KUPIMA

1. Namba zote ziandikwe kabla ya kufutwa. Pamoja na namba, kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa taa ilipowaka: mwendo wa gari, joto la injini na mzigo. Kufuta namba, au kuchomoa betri ndogo, hupoteza kumbukumbu hiyo. Ni sawa na kurarua ukurasa wa daftari kabla ya ukaguzi.

2. Dereva aulizwe kama gari liliwahi kuishiwa petroli. Haibridi huweza kujikokota kwa umeme baada ya tangi kukauka, na kompyuta ikaandika petroli pungufu. Hapo hakuna kifaa kilichoharibika. Lakini dereva anayeendelea kukokota gari hivyo anaihatarisha betri kubwa.

3. Nyongeza ya petroli isomwe mara mbili: injini ikinguruma taratibu gari limesimama, kisha gari likiwa na mzigo mlimani katika hali yake ya kawaida. Barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu yatosha kwa kazi hiyo. Dereva aendeshe, na mtu wa pili asome mashine.

4. Vipimo vilinganishwe. Nyongeza ikiwa kubwa injini inaponguruma taratibu, ikapungua injini inapokwenda kasi, yaelekea kuna hewa inayovuja. Ikiwa ndogo taratibu, ikapanda gari linapobeba mzigo, yaelekea petroli haifiki ya kutosha au sensa ya hewa inasoma pungufu.

5. Vitu rahisi vitangulie. Filta ya hewa, mipira na klipu zake zikaguliwe. Ekzosi isikilizwe injini ikiwa baridi. Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu, bila kuguswa kwa kidole wala kitambaa. Kuthibitisha uvujaji wa hewa, gereji yenye mashine ya moshi hupuliza moshi ndani ya manifodi na kutazama unapotokea.

6. Pampu isibadilishwe kabla ya kupima msukumo wa petroli. Kwa injini ya Prius ya lita 1.5, kitabu cha ufundi hutaja kilopaskali 304 hadi 343. Kipimo kikiwa ndani ya kiwango hicho hata injini ikivuta mzigo, pampu haina kosa.

7. Baada ya matengenezo, nyongeza isomwe tena katika hali zile zile mbili. Taa kuzimika si ushahidi, kwani taa huzimwa kwa kufuta namba. Ushahidi ni asilimia iliyoshuka.

KULIPIA KIPIMO

Yafaa isemwe wazi kwamba kosa haliko kwa mafundi peke yao. Vyama vingi hulipa kifaa bila kusita, lakini fundi akiomba malipo ya saa mbili za kupima, huambiwa kwamba hajafanya kazi yoyote. Fundi huyo ana familia. Akiona kwamba kipimo hakilipwi na kifaa hulipwa, atauza kifaa. Hivyo chama kinachokataa kulipia kipimo ndicho kinachomfundisha fundi kubahatisha, na hulipia masomo hayo kwa fedha za wanachama.

Kwa hiyo Bodi ipitishe kwamba matengenezo ya gari yatalipwa kwa awamu mbili. Kwanza, malipo ya kipimo, na fundi atoe karatasi yenye namba, asilimia za nyongeza na sababu iliyothibitishwa. Pili, malipo ya matengenezo, yakitegemea karatasi hiyo. Katibu aambatanishe na hati ya malipo karatasi ya kipimo cha kabla, karatasi ya kipimo cha baada, na risiti ya kifaa. Kifaa cha zamani kirudishwe ofisini kikaonekane. Fundi asiyeweza kupima haibridi aseme hivyo bila aibu, na gari lipelekwe kwa anayeweza. Nauli ya kwenda Moshi mjini ni ndogo kuliko bei ya pampu isiyohitajika.

Mwanachama wa kawaida halazimiki kuijua injini. Maswali matatu yanamtosha katika mkutano mkuu: Kilipimwa nini? Kilisoma ngapi kabla? Kimesoma ngapi baada? Katibu mwenye majibu ya maswali hayo ameitunza mali ya chama. Asiyekuwa nayo amelipa magunia kwa kuyatazama, na mkutano una haki ya kumtaka aeleze kila shilingi.