Pikipiki ya Baba Haipimwi kwa Kilo

Nyuma ya nyumba nyingi za mjini hapa, kati ya pipa la maji na banda la kuku, kuna kitu kimefunikwa turubai. Liinue hilo turubai, utakuta pikipiki. Imesimama miaka kumi, au ishirini. Mwenyewe amezeeka, au ametangulia mbele ya haki. Watoto kila sikukuu wanaahidi kwamba itatengenezwa, na mnunuzi wa chuma chakavu hupita na mizani yake, akaitupia jicho, akaenda zake. Anajua iko siku ataitwa.

Kwetu aliitwa. Mdogo wangu ndiye aliyemwita, kwa nia njema kabisa, maana uwanja ni mdogo. Ikapimwa: kilo sabini na kitu. Bei iliyotajwa isingenunua hata tairi mbili mpya. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema tu, "Hiyo ndiyo iliyowapeleka shule." Mwenye mizani akafunga kamba zake.

Ni Honda C70. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, aliinunua kwa mkopo mwaka 1976, akaizungusha Turiani, Mvomero na Dakawa mpaka alipostaafu. Kwa vijana wasioijua jamii hiyo ya pikipiki, ni ile ya kupitisha mguu katikati, tangi liko chini ya kiti, na mbele kuna ngao ya plastiki ya kuzuia tope. Honda walianza kuiuza mwaka 1958. Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda, alitaka chombo ambacho kijana wa kupeleka chakula angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sinia. Ndiyo maana haina klachi ya mkono. Klachi hujishika yenyewe injini inapoongeza mizunguko, nawe unabadili gia kwa mguu. Hadi mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Nataja idadi hiyo makusudi. Asije mtu akatudanganya kwamba tumekalia kitu adimu cha kuwauzia watalii. Pikipiki za namna hii zimejaa duniani. Adimu ni mambo yaliyo juu ya hii moja.

Basi ugomvi ukahama. Sasa si kuuza au kutouza, bali itengenezwe vipi. Mdogo wangu alitaka irudi kama ilivyotoka kiwandani: rangi mpya, kiti kipya, kila kitu king'ae. Mpwa wetu, kijana wa miaka 22 ambaye spana inamtii, alitaka kukata madigadi, kung'oa ngao, kupaka rangi nyeusi, na kufunga injini ya Kichina ya sisi 110. Na hajakosea kiufundi. Injini nyingi za Kichina za ukubwa huo zimetokana na mpangilio uleule wa injini ya kulala, na mashimo ya kufungia hukaribia sana kulingana.

Mimi niliwapinga wote wawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, nchi haikuwa na fedha za kigeni, na spea ilikuwa kitu cha kuota usiku. Baba hakungoja. Kikanyagio cha kushoto ni kipande cha nondo. Kiti kimeshonwa upya kwa ngozi ya ng'ombe. Nyuma kuna kichanja cha chuma alichochomelewa ili abebe bomba la kupulizia dawa ya pamba. Na ndani ya kifuniko cha pembeni, kwa ncha ya msumari, alikuwa akiandika tarehe za kubadili oili, mstari chini ya mstari, wa mwisho Machi 1994. Mdogo wangu alikuwa ameshapata kifuniko kipya Gerezani, kizuri, hakina hata mchubuko.

Tulikaa kikao. Nikatoa rai hii: chochote kinachokuzuia usianguke, au kinachokusimamisha, kiwe kipya bila huruma. Tairi, tyubu, nyaya za breki, cheni, spoku zilizoliwa na kutu. Hata zile bushi za mbele ambazo baba alizikata kwenye mpira wa tairi la lori, zikatoka. Ziliniuma, lakini usukani ulikuwa unacheza. Vingine vyote vibaki na makovu yake.

Kuhusu injini kubwa nilimuuliza mpwa wangu swali moja: daladala ikikata mbele yako ghafla, utasimama na nini? Breki za C70 ni za dramu ndogo, zilipimwa kwa injini ya sisi 72. Akajibu kwa haki kwamba atafunga breki ya diski. Sawa, lakini diski inataka gurudumu jingine, gurudumu linataka shokapu nyingine, na mwisho wa safari hiyo kilichobaki cha babu yake ni namba ya usajili. Isitoshe, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi. Ukibadili injini bila kwenda kuisajili, siku ya ajali bima ina pa kukimbilia.

Kazi yenyewe tuliifanya uani, chini ya bati. Injini ilikuwa imekwama. Kijana alitaka kupiga kiki mpaka iachie; tukamzuia, tukamimina oili kidogo kupitia tundu la plagi, tukaiacha siku nne, kisha tukaizungusha polepole kwa spana huku na huku. Ikaachia. Tangi tulilitia siki usiku kucha, kutu ikatoka kama uji wa ulezi. Jeti za kabureta zizibuliwe kwa waya laini wa shaba, wala si kwa sindano, maana sindano inapanua tundu na hiyo pikipiki haitashiba petroli tena. Platini zilitaka msasa laini tu. Na tafadhali, mafundi wa gereji bubu wanisikie: vumbi la breki za zamani msilipulize kwa upepo. Breki nyingi za enzi hizo zina asbesto, nayo huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kitupe.

Mpwa wangu hakutoka mikono mitupu. Umeme wa volti 6 wa pikipiki hizo ni sawa na kibatari, na katika barabara za leo asiyeonekana hugongwa. Tukampa kazi ya kuugeuza uwe wa volti 12, koili na yote, na taa ya maana mbele na nyuma. Ameifanya vizuri kuliko mafundi wawili niliowauliza bei.

Iliwaka Jumapili ya tatu, kiki ya sita. Moshi wake bado ni wa bluu, maana yake ringi zimekwisha, kwa hiyo silinda imepelekwa kukerezwa na pistoni ya saizi ya juu tunaitafuta Kariakoo. Kifuniko cha zamani kimerudi mahali pake. Rangi bado hatujakubaliana. Mdogo wangu ana kopo lake tayari, nyekundu, na ameliweka mahali ambapo kila nikienda kunawa ninaliona.