Kati ya Chitangali na Kitangali: Mwalimu Mpya na Lugha ya Watoto



Katika Wilaya ya Newala kuna mahali paitwapo Kitangali, penye chuo cha ualimu. Wamisionari wa UMCA, walioanzisha kituo cha Masasi mwaka 1876, waliliandika jina hilo Chitangali. Silabi hiyo moja iliyobadilika ndiyo mada yangu.

Mwaka 1886 alifika Chitangali Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utumwani angali mtoto, kisha akasomeshwa Kiungani, Unguja. Mwaka 1890 alipata upadri, lakini kazi yake ilikuwa pia ya kufundisha. Alirejea kwa Wayao akiwa amelelewa katika Kiswahili cha Unguja. Mvutano kati ya lugha ya chuo na lugha ya kijiji, basi, haukuanza jana.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu nyingi za msingi. Katika miaka ya mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, mafunzo ya ualimu wa daraja A yaligawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni. Kijana aliyetoka mbali aliingia darasani Newala au Masasi akiwa na andalio la somo mkononi, asijue neno la Chimakonde, la Chiyao wala la Kimakua.

Nilimshuhudia mmoja wao. Mtoto wa darasa la kwanza aliandika “chitabu”. Mwanachuo akakata neno lile kwa wino mwekundu, wenzake mtoto wakacheka, na kwa muda uliosalia wa kipindi mtoto yule hakunyosha tena mkono. Nami, niliyekaa nyuma na karatasi ya tathmini, niliandika: “Mwalimu ni makini katika kusahihisha.” Hukumu hiyo yanisuta hadi leo.

Baada ya kipindi, mwalimu mkongwe wa shule ile alimwita kijana pembeni. Akamwambia: “Mwanangu, mwambie aandike vingi.” Mtoto akaandika “vitabu”, bila kosa. Kijana akanyamaza, kisha akaomba daftari.

Tulichambue jambo hili kitaaluma. Kiambishi cha umoja ambacho katika Kiswahili ni ki-, katika Chimakonde na Chiyao ni chi-. “Kitu” ni “chinu” kwa Mmakonde na “chindu” kwa Myao. “Watu” ni “vanu” kwa Mmakonde. Mtoto aandikaye “chitabu” na “vitabu” anao tayari mfumo wa ngeli wa Kibantu. Amelipokea neno lenye asili ya Kiarabu, akalipanga mahali pake. Kinachomsumbua ni sauti moja tu, nayo hufundishika kwa dakika chache endapo mwalimu anajua inatoka wapi.

Hapa ndipo mwalimu mpya hukua au hudumaa. Anabanwa na pande mbili: mkufunzi anadai Kiswahili sanifu, na watoto wanahitaji kueleweka. Akiukimbia mvutano huo, atajificha nyuma ya wino mwekundu. Akiukabili, atafanya kama kijana yule, ambaye kabla ya muhula kwisha alikuwa amejaza kurasa kadhaa za maneno kwa safu mbili, akiulizwa na watoto naye akiwauliza. Kiswahili chao hakikupungua. Woga wao ndio uliopungua.

Sipendekezi kuondoa Kiswahili sanifu darasani. Napendekeza kwamba kila mwanachuo, kabla ya mazoezi ya kufundisha, afundishwe kulinganisha ngeli na sauti za Kiswahili na zile za lugha ya mahali aendako. Na kwamba sisi tunaowatathmini tujifunze kwanza. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mwalimu asimdai mtoto aache chi- ili apate ki-. Amwoneshe njia inayotoka Chitangali kwenda Kitangali, kisha watembee pamoja.