Kaitaba Si Uwanja wa Mpira Peke Yake



Mtu akiulizwa Kaitaba ni nini, hujibu upesi kwamba ni uwanja wa Kagera Sugar. Jibu hilo ni la kweli, lakini limepungua. Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kilichoko Missenyi, ni mpangaji. Mwenye nyumba ni Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba, yaani wananchi. Yafaa jambo hili litiliwe mkazo, maana viwanja vingi vya mikoani, kama Kirumba cha Mwanza na Kambarage cha Shinyanga, ni mali ya Chama cha Mapinduzi.

Tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliukumba Mkoa wa Kagera. Majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya hata masomo yakasimama. Siku ya pili yake majeneza yalipangwa Kaitaba, na Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, akawaongoza wananchi kuwaaga marehemu. Tarehe 14 Oktoba, 2022, uwanja huo huo ulipokea kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Hazikutimia wiki nne: tarehe 6 Novemba ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, na watu 19 wakafariki dunia. Kesho yake majeneza yakaletwa tena Kaitaba.

Kagera ina makanisa makubwa na misikiti ya siku nyingi. Hata hivyo, msiba unaowagusa Wakatoliki, Walutheri na Waislamu kwa pamoja hauwezi kuagwa katika nyumba ya ibada ya upande mmoja bila wengine kujiona wageni. Uwanja hauna wenyeji wala wageni. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na thamani hiyo haionekani katika hesabu za viingilio.

Sasa kuhusu nyasi. Bukoba hupata mvua ipatayo milimita 2,000 kwa mwaka, na uwanja wa nyasi za kawaida hugeuka tope ukichezewa mfululizo. Nyasi bandia za Kaitaba, zilizowekwa kwa msaada wa FIFA, huvumilia saa nyingi zaidi za mchezo, mradi zisuguliwe kwa brashi na chembe za mpira zirudishwe mahali pake. Hivyo basi, kuzifungia kwa kufuli zikingoja mechi ya ligi ni kuzipunja kazi ziliyoletewa. (Jua nalo huzichakaza, zichezewe zisichezewe.)

Mwanafunzi wa Kamachumu au Nshamba, wilayani Muleba, hujifunza mpira juu ya kiwanja chenye mteremko na mawe. Akiteuliwa timu ya UMISSETA, hana budi kujua jinsi mpira unavyodunda juu ya nyasi bandia kabla ya siku ya mashindano, si siku yenyewe. Nauli ya basi la shule hadi Bukoba ni gharama, lakini si gharama ya kuwashinda wazazi na halmashauri wakishirikiana. Ratiba ya ligi hutangazwa mapema. Maofisa elimu wa Muleba na Bukoba waweza kuzihesabu siku zilizo wazi kabla muhula haujaanza, wakapeleka maombi Manispaa kwa barua moja.